Hakuwa na muda wa mambo hayo

Tangu Jumanne kuna sentensi imenikaa kifuani na haitaki kushuka. Naandika nikiwa jikoni, watoto wamelala, Baba watoto yuko zamuni, na najua nikienda kulala bila kuiandika nitaamka nayo tena.

Ni ya Bibi wa Dirishani, mmoja wa wazee ninaowahudumia kazini. Mliosoma huku nyuma mnamjua: yule asiyetaka pazia lake lifungwe hata usiku, anayenidai chai ya maziwa tangu nilipomwonjesha ile ya tangawizi wakati wa Krismasi. Jumanne nilikuwa namkata kucha. Nikimkata kucha huwa anaongea sana, maana mikono yake iko kwangu na hana pa kwenda. Akaniambia nifungue droo ya juu, kuna picha.

Ni picha ya bibi yake, mama mzaa baba. Binti wa Kinorwe, alifika Dakota Kaskazini mwaka 1903 akiwa na miaka 22, hana mume, hana ndugu wa karibu, akajiandikishia shamba la serikali kaskazini ya mji wa Minot kwa jina lake mwenyewe. Kwenye picha amekaa kwenye kiti nje ya nyumba ya udongo. Meza nayo imetolewa nje, na juu ya meza wameweka saa, wala si mahali pa saa. Nyumba ina dirisha moja dogo lililozama ndani kabisa ya ukuta, maana ukuta wenyewe ni mnene kuliko urefu wa mkono wangu. Juu ya paa yameota majani. Viganja ameviweka magotini, vidole amevikunja, kucha hazionekani. Nikatafuta mti kwenye picha nzima, sikuona. Hakuna mti, hakuna kilima, ardhi imelala bapa mpaka pale karatasi inapoishia.

Nikauliza, kwa sababu ndicho kitu ambacho ningependa mtu aniulize mimi:

"Bibi yako alikuwa anakumbuka kwao?"

"Hakuwa na muda wa mambo hayo."

Alijibu haraka, hata sikuwa nimemaliza kufuta mkasi. Akainua kidevu kidogo. Kisha akaongeza, "Wanawake wa wakati ule walikuwa na nguvu, mwanangu." Nikachukua kidole gumba, nikaendelea.

Basi, ni hayo tu. Hakunitukana, wala hakunifikiria vibaya. Ananipenda yule bibi, na mimi nampenda. Lakini nilipofika kwenye gari nilikuta nimeshika usukani na sijawasha, nairudia: hakuwa na muda. Nikaoga nayo. Nikasonga ugali nayo. Usiku nikamwambia Baba watoto, akasema, "Sasa hapo kibaya ni nini? Kamsifu bibi yake." Ndiyo, kamsifu. Na kwa sifa ile ile kamfunga mdomo mwanamke aliyekwisha kufa ambaye hawezi kujitetea.

Kwa sababu mimi nyumba ya udongo naijua. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, tulifyatua matofali wenyewe, mama anakanyaga tope, mimi nachota maji, kaka anamimina kwenye kibao. Huku nyikani hawakufyatua. Waliipasua ardhi kwa plau, ikatoka mikanda mirefu iliyoshikwa na mizizi ya nyasi, wakaikata vipande, wakavipanga majani yakiangalia chini, na ukuta ukasimama bila saruji. Ndani walitundika kitambaa chini ya paa ili udongo usidondokee kwenye chakula. Na mvua ikinyesha kutwa, paa lile linakunywa maji na kuendelea kuyatema ndani hata baada ya jua kutoka nje. Nilipolisoma hilo sikuhitaji maelezo. Najua sauti ya tone likianguka kwenye sufuria tupu, najua linavyobadilika sufuria ikianza kujaa, na najua unavyolala macho ukisubiri kuamka kuimwaga.

Niambieni, mtu aliyelala macho hivyo hana muda?

Hata ile meza iliyotolewa nje naielewa. Kulikuwa na mpiga picha, Solomon Butcher, aliyezunguka kwenye mashamba ya Nebraska kuanzia mwaka 1886. Familia moja ilimtolea kinanda nje, kikapigwa picha uani karibu na mifugo, kwa sababu mama mwenye nyumba hakutaka ndugu na marafiki waliobaki mashariki wajue anaishi ndani ya udongo. Huyo mama alikuwa na muda. Alikuwa na muda wa kumuwaza kila mmoja atakayeishika ile picha, na atasema nini. Sisi tulipopigwa picha na wageni pale kambini mama alitutanguliza mbele ya ua la jirani, lile lenye maua ya manjano. Hakusema kwa nini, na hatukumuuliza.

Kazi ilikuwepo, sikatai. Sheria ilikuwa ya mwaka 1862, ya Rais Lincoln: ekari 160 kwa yeyote aliyefikisha miaka 21 au anayeongoza kaya, hata mgeni, ilimradi atangaze nia ya kuwa raia. Unalipa ada ya dola chache, unajenga, unalima, unaishi hapo miaka mitano, kisha unaleta mashahidi wawili waseme kweli uliishi na kweli ulilima. (Mwaka 1912 ndipo wakapunguza ikawa mitatu.) Mwanamke asiyeolewa aliruhusiwa, mjane aliruhusiwa, lakini mke wa mtu kwa kawaida hapana. Ng'ambo ya mpaka, Kanada, ambako si mbali na lile shamba, binti kama yule asingepata kitu. Kule ardhi ya bure ilikuwa ya wanaume, na ya mwanamke pale tu alipokuwa peke yake kichwa cha familia, hasa mjane. Naipenda sana sehemu hii ya habari yake. Alikuwa na karatasi yenye jina lake. Miaka mitano yangu na mimi imetimia, nami najua kuhesabu miaka mitano kulivyo.

Lakini ebu fikirieni majira ya baridi. Ng'ombe ameshakamuliwa, makaa ya mawe yale ya kahawia yaliyochimbwa kwenye kingo za mabonde yameshaingizwa ndani, kamba imefungwa kutoka mlangoni mpaka bandani ili dhoruba ya theluji ikija asipotee hatua chache kutoka kwake. Jioni mapema tu giza. Dirisha moja. Jirani wa karibu mwanga wake huuoni. Hapo ndipo asipate muda wa kukumbuka kwao? Kukamua, kupepeta, kufua, zote hizo ni kazi zinazochukua mikono na kukiacha kichwa huru. Mimi ninapotandika vitanda vya wazee, chumba hadi chumba, huwa nimeshafika Kasulu sokoni na kurudi.

Na kilichonichoma zaidi, niseme ukweli, kiko kwenye friji yangu. Binti yangu mkubwa aliandika insha shuleni mwezi uliopita, mwalimu akaibandika nyota, nami nikaibandika kwenye friji kwa furaha zote. Imeandikwa: "Mama yangu hufanya kazi mbili na halalamiki kamwe." Jumatano asubuhi nilikuwa natoa maziwa nikaisoma upya, nikahisi ubaridi ambao si wa friji. Imeshaanza. Nikiwa bado hai, bado naongea, mtoto wangu mwenyewe ameshaanza kuniandika bila kwetu. Miaka sabini ijayo mjukuu wangu atakuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mhudumu anamkata kucha, na atainua kidevu.

Wiki yenyewe ilikuwa na mengi, msidhani: dada amejifungua mapacha salama kule Nyarugusu, Baba watoto ameahidiwa zamu ya mchana, na barua ya usaili wa uraia imekuja. Nimepiga vigelegele kwa yote. Ila nikinyamaza tu, sentensi inarudi.

Alhamisi kwenye mapumziko nilimsimulia mwenzangu wa jikoni. Yeye ni Mdakota, wa wenyeji wa asili wa nchi hii, kwao ni Spirit Lake. Eneo lile walilotengewa watu wake serikali ililifungulia walowezi mwaka 1904, Wanorwe wakaingia kwa wingi, na Wadakota wakajikuta wamechanganyika na wageni katika ardhi iliyosemwa kuwa ni yao. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja karatasi ya sandwichi yake, akasema, "Bibi yangu naye alikuwa anakumbuka kwao. Na hakuwa amehama." Sikuwa na jibu. Nalo hilo limekaa pembeni ya lile la kwanza, na sitaki kulipitia haraka haraka, siku moja nitaliandikia peke yake akiniruhusu.

Usiku huo huo nilikuwa na zamu. Karibu na alfajiri taa ya chumba cha mwisho, cha Bibi wa Dirishani, ikawaka. Nikajua ni maji. Nikaingia na kikombe, nikamkuta amekaa kabisa, macho makavu, anaangalia nje ambako theluji ilikuwa imeanza.

"Kulikuwa na kinu cha upepo," akaniambia. "Cha kuvutia maji. Kilikuwa na ngazi ya chuma."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, ingawa haturuhusiwi.

"Jumapili baada ya kanisa alikuwa akipanda. Mpaka juu. Na aproni yake. Mimi mdogo, nasimama chini namshikia viatu." Akanyamaza. "Mtu mzima yule, karibu miaka sitini! Baba alikuwa akimgombeza. Bibi anasema anatazama kama kuna moto."

Moto wa nyika ulikuwa tishio la kweli, nikamwambia. Waliokuwa peke yao walilima mstari mpana kuzunguka nyumba ili usivuke. Akatikisa kichwa, si kukubali, ni kuniharakisha ninyamaze.

"Alipanda hata majira ya baridi," akasema. "Theluji iko chini kila mahali. Mimi nimeshika viatu, vidole vinaniuma."

Nikamtazama. Akanitazama. Niliona inamfika pale pale mbele yangu, uso wote ukafunguka.

"Moto gani," akasema polepole, "wakati wa theluji?"

Tukaanza kucheka, mimi na yeye, saa kumi alfajiri, mpaka nikaogopa tutaamsha chumba cha pili. Alicheka mpaka akahitaji leso. Kisha akanieleza kuwa bibi yake alitoka kwenye ukingo wa ghuba, milima inaingia majini pande zote mbili, na ukitaka kuona mbali lazima upande. Alilijua hilo siku zote. Alikuwa amelihifadhi mahali pengine, mbali na ile ngazi.

Sikumwambia habari za sentensi yake. Hakukuwa na haja. Nilimfunika miguu, nikaliacha pazia wazi, nikatoka nikitembea kwa wepesi ambao sikuwa nao tangu Jumanne.

Fargo, mji ninaoishi, ni bapa kuliko hata kule Minot. Lilikuwa ziwa kubwa hapa zamani za barafu, wataalamu wanaliita Agassiz, nasi tunaishi kwenye sakafu yake. Mahali pa juu ni madaraja ya barabara kuu. Nina langu, hulipitia nikitoka kazini ingawa linaniongezea mwendo, na pale kileleni huwa napunguza kasi kidogo kama hakuna gari nyuma. Jumamosi nilimpitisha binti yangu mkubwa hapo nikamwambia huwa napita pale ili nione mbali. Akatoa spika sikioni.

"Kuona nini, mama?"

"Milima."

"Hakuna milima hapa."

"Ndiyo," nikamwambia. "Nilikuwa nasikia mafuta ya mawese yakichemka kwa jirani, na mlima uko pale nyuma ya choo, wa kijani." Nikamwambia habari za ua lenye maua ya manjano, na za mama alivyotupanga mbele yake. Akauliza mama alikuwa amevaa nini siku ile. Nikashindwa kujibu kwa sababu koo lilikaza, naye aliona, na sikuficha. Hakurudisha ile spika mpaka tulipofika nyumbani.

Nimempigia mama kumuuliza alikuwa amevaa nini. Simu haipatikani, nitajaribu tena kesho kabla ya wao kulala.

Sasa kinachonisumbua ni gari. Waya wa kuchomeka injini kwenye umeme usiku, ili isigande kwa baridi, umepasuka ganda karibu na plagi, unaonekana shaba. Nimeuzungushia utepe mweusi lakini siuamini, na wametangaza baridi kali kuanzia Jumatatu. Fundi wa kwanza hajibu meseji. Kama kuna mtu wa hapa Fargo anayejua fundi mwaminifu anayeweza kuja nyumbani kesho Jumapili, tafadhali aniandikie, zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi na basi haliji mapema hivyo.