Mashine ni ile ile, jina ndo halitulii

Kuna mzee tulifanya naye kazi Industrial Area, kwa chumba cha kompyuta chenye AC ya kukufanya uvae sweta hata Januari, na huyo mzee hakuwahi kuita ile kompyuta ya IBM ya kazi za ofisi jina lingine ila AS. Boksi mpya ikija na lebo ya iSeries anaiangalia tu, "Kijana, wao wabadilishe vile wanataka, mimi hii ni AS." Na haki IBM walikuwa wametuchosha, AS/400 ya 1988 ikawa iSeries mwaka 2000, ikapitia i5, ikapitia System i, halafu 2008 wakaiunganisha na ndugu yake System p zikaitwa Power Systems, na OS/400 yenyewe, mfumo endeshi wake, ikaishia kuitwa IBM i.

Ukoo wao unatoka Rochester, Minnesota. System/3 ilitoka 1969 na vikadi vidogo vya kutobolewa vya safu 96, ikafuatwa na 32, 34, na 36 ya 1983 ambayo ofisi ndogo ziliipenda sana. Katikati hapo, 1978, wakatangaza System/38, hiyo ilikuwa na akili ya ajabu, database imo ndani kwa ndani, lakini bei nayo si mchezo na haikuelewana na hizo zingine. Wakajaribu kuunganisha laini zote kwa mradi mmoja mkubwa, Fort Knox, ukafa 1985, ndo watu wa Rochester wakachukua ubongo wa 38, wakaweka nafasi ya programu za 36, na Juni 21, 1988 AS/400 ikatoka.

Kile mimi napenda ni hiki. Programu haiongei na prosesa moja kwa moja, inaongea na tabaka la katikati, na ndani ya programu kunabaki kiolezo chake, yaani maelezo yake kwa lugha ya hilo tabaka. Kwa hivyo 1995 walipong'oa prosesa za zamani za biti 48 wakaweka PowerPC ya biti 64, mashine ilisoma kile kiolezo ikajitafsiria yenyewe, hata soskodi, yale maandishi ya programa mwenyewe, hukuhitaji. Jirani zetu wa kompyuta zingine wakibadilisha prosesa walikuwa wanalia miezi.

Lakini hicho kiolezo kinakula diski, na zamani diski ilikuwa pesa, kwa hivyo mtu fulani hapo ofisini (simtaji) alikuwa amekifuta kwa programu kibao ili kuokoa nafasi. Hakuna aliyejua mpaka tukitoka toleo la mfumo V5R4 kwenda 6.1, toleo ambalo linatafsiri programu zote upya. Nikaendesha ANZOBJCVN, hiyo komandi inayokagua nini kitakataa, printa ikatema karatasi, na hapo katikati programu ya mishahara, ya 1991, haina kiolezo, na soskodi haionekani popote.

Mzee hakusema kitu. Akaenda stoo akarudi na faili la karatasi zile pana za mistari ya kijani, doa la chai ukurasa wa kwanza, programu yote imechapishwa humo kwa RPG, lugha iliyoandikiwa. Tukaketi wawili, yeye anasoma mimi napiga kwa skrini ya kijani, na RPG ya zamani haina huruma, herufi ya aina ya mstari lazima ikae safu ya 6, ukisogea nafasi moja imekataa au mbaya zaidi imekubali kitu kingine. Siku tatu. Stima ikapotea mara mbili, jenereta ikashika.

Mishahara ikatoka vizuri isipokuwa ovataimu ya walinzi wa usiku, nilikuwa nimeruka mstari mmoja, ule wa chini ya doa la chai.

Saa hii wako toleo la 7.4, programu ni ile ile. Mzee alistaafu akarudi kwao Machakos, na akinipigia, kabla hata ya kuuliza watoto, "AS iko?"