Mizigo ya hosteli: vinavyosahaulika nyumbani Lamu

Godoro halisahauliki. Kufuli ndizo husahaulika: beba mbili, ya mlango na ya kabati, na ufunguo wa akiba usiufungie ndani ya kabati hilohilo.

Ekstensheni iwe ya mita 3 hadi 5, yenye fyuzi ya ampea 13. Kwa umeme wa volti 240 hubeba kama wati 3,000 tu. Pasi ya wati 1,200 na birika la wati 2,000 zikiwashwa pamoja hupita kiwango hicho, na fyuzi huweza kukatika. Isiyo na fyuzi ni mbaya zaidi, plagi huweza kuyeyuka. Waya uukunjue wote, kwani uliozongwa hupata joto upesi. Na uliza kwanza kama birika linaruhusiwa.

Chandarua cha duara hakifai kitanda cha ghorofa. Chukua cha pembe nne, na kamba nne za mita moja na nusu.

Aendaye Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, asitegemee shuka; blanketi zito.

Achari? Isimamishe ndani ya ndoo. Kuanzia botini hadi basi la Mokowe, upande wa bara, chupa iliyolala humwaga mafuta juu ya vyeti.