Siku yangu maabara, Ujiji

Saa 1:30 asubuhi. Naifunua hadubini, napangusa lenzi. Benchi la nje limeshajaa.

Saa 2. Bibi kambeba mjukuu mgongoni. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Huyu kachemka usiku kucha." Natoboa kidole, na kipimo cha haraka cha malaria kinatoa mistari miwili: chanya. Utepe wake umepakwa kingamwili, protini za kinga zinazonasa vitu vigeni: zikiinasa protini ya kimelea iitwayo HRP2, mstari unatokea. Ubaya wake HRP2 hubaki damuni wiki kadhaa hata baada ya dawa, kwa hiyo mimi siridhiki mpaka nione slaidi.

Saa 3:30. Wino wa Giemsa unaotia vimelea rangi umekauka, natia tone la mafuta. Pete za samawati zenye nukta nyekundu, tele: falsiparamu, aina hatari zaidi ya kimelea cha malaria. Bibi naye alilalamika viungo, nikampima. Ana vimelea, vichache, wala hana homa. "Mimi na malaria tumeshazoeana," akacheka.

Saa 5, dawa mseto. Dozi ya pili ni baada ya masaa 8 kupita, na bibi hana saa ya mkononi. Nikamwambia adhana ya magharibi ikisikika, ampe mtoto na yeye anywe.

Saa 7 kumepoa. Mwanafunzi wa mazoezi akauliza: kuzoeana ndiko kupi? Nikamweleza. Chembe nyekundu yenye vimelea hupasuka kila saa 48 hivi na kumwaga vipya 16 hadi 32. Kila kimoja kinatafuta chembe yake, na ndani ya dakika moja au mbili kimeshazama ndani. Ili kiingie, protini yake ya RH5 lazima ishike basigini, protini iliyo juu ya chembe; hilo liligunduliwa 2011. Kingamwili ikiwahi kuing'ang'ania RH5, kimelea ni kama mtumbwi uliofika Kibirizi kamba imesokotana: pwani unaiona, kufunga huwezi.

Tatizo, RH5 hujitokeza kwa muda mfupi mno, hata watu waliougua miaka na miaka huwa na kingamwili chache dhidi yake. Kinga ya bibi kwa sehemu kubwa inatokana na kingamwili dhidi ya protini nyingine. Ndiyo maana chanjo ya RH5, iliyojaribiwa Bagamoyo, naisubiri kwa hamu. R21, chanjo nyingine ya malaria, hulenga kimelea kabla hakijaingia ini. Kikipenya hapo, haina la kufanya kwenye damu.

"Sasa bibi dawa ya nini, kama hana homa?" akauliza mwanafunzi.

"Mbu atakayemuuma leo usiku analala chumba kimoja na mjukuu."

Saa 9, rejista. Mistari ya chanya imezidi ya hasi.