Mizani ilitudanganya kuhusu mama

Jamani hili limenikaa rohoni, acha niandike. Mama tangu ahamie kwangu hapa Ngamiani tulimkalisha kitako, maji analetewa, sokoni haendi, akishika ufagio tunamnyang'anya, tukijua ndo heshima yenyewe kwa mtu mzima. Kliniki kila akipima kilo ni zilezile, tunashukuru Mungu. Kumbe miguu inakwisha na tumbo linakua, siku hiyo kakaa mkekani akashindwa kunyanyuka mwenyewe, nililia.

Ndo nikaanza kusoma. Kuanzia miaka ya 30 na kitu misuli inaanza kupungua taratibu, ukishavuka 60 kasi inaongezeka, wataalamu wanaita sakopenia, na pale misuli ilipotoka mafuta yanaingia, kwa hiyo mizani inasoma vilevile wakati mtu ndani kashabadilika. Mabaya zaidi ni mafuta ya ndani kabisa yanayozunguka ini na utumbo, hayo yanachochea uvimbe wa chinichini mwilini, sio jipu, ni kinga ya mwili kuwaka muda wote, na ugonjwa wa sukari unapata njia. Bora uchukue futi ya fundi cherehani upime kiuno, mwanamke akizidi sentimita 88 hapo hatari ni kubwa.

Halafu kuna bakteria wa utumbo, hawa ndo sikuwahi kuwafikiria kabisa! Wanakula nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, wanazichachusha, wanatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe. Kule Ireland mwaka 2012 watafiti walikuta wazee wanaoishi kwenye nyumba za kutunzia wana aina chache za bakteria kuliko wanaoishi majumbani kwao, na walikuwa dhaifu zaidi, chakula chao hakina mchanganyiko. Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi wanaokula mizizi na ubuyu walipolinganishwa na Waitaliano, wao walikuwa na aina nyingi zaidi.

Na mama alikuwa anakula nini? Mkate mweupe na chai, usiku wali. Sisi wenyewe ndo tulimzoesha.

Sasa hivi ni dona, kisamvu, mbaazi za nazi, mtindi, dagaa au samaki kila siku maana misuli bila protini haijengeki, na asubuhi anakaa kwenye kiti na kusimama mara kumi bila kushika kitu, mwanzo alikuwa anaweza mbili tu.

Jana kaenda soko la Mgandini kwa miguu, karudi na mafungu yake ya mchicha, nikataka kumpokea, akakataa.