Kutoka Lamu hadi Unguja: nyumba za mawe zinapogeuzwa makumbusho

Anayeingia Lamu kwa boti kutoka Mokowe haioni ngome mara moja. Ilipojengwa, kati ya 1813 na 1821, ilisimama ukingoni mwa maji. Leo imekaa nyuma ya safu ya nyumba za pwani, mbele yake kuna uwanja wenye kivuli ambapo watu hukaa kuzungumza. Ilikuwa gereza hadi 1984, ndipo ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nilianzia hapo kwa sababu safari yote niliipanga kufuata swali moja: jengo la mawe likifunguliwa kwa umma, linabebeshwa nini ambacho halikujengewa? Mambo mawili ndiyo yanayolitesa, maji na uzito wa watu. Mengine yote, makabati ya vioo, taa, vibao vya maelezo, hufuata nyuma ya hayo mawili.

Ngome huvumilia mabadiliko kuliko nyumba. Kuta zake ni nene, vyumba vimezunguka ua, na mgeni anaweza kuingia kwa mlango mmoja na kuzunguka bila kubomolewa chochote. Nyumba ya kuishi ni habari nyingine. Pale Lamu ipo nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho, na ukiingia humo unaelewa mara moja kwa nini nasema hivyo. Unapita daka (baraza la mlangoni), unageuka tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), unafika kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha msana wa tini na msana wa yuu (kumbi mbili ndefu, moja nyuma ya nyingine) na ndani, chumba cha faragha, penye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu. Vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana wake hauzidi sana mita 2.8, kwa kuwa huo ndio urefu wa boriti ya mkoko inayoweza kubeba dari bila kupinda. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha zege la chokaa, na sakafu nzima huwa nzito hata kabla mtu hajaikanyaga.

Mhandisi anayebuni nyumba ya kuishi hukadiria takribani kilo 150 za watu na vyombo kwa kila mita ya mraba. Kwa makumbusho hukadiria kilo 400. Tofauti hiyo ndiyo inayoua nyumba nyingi nzuri kimyakimya. Wageni kumi waliotawanyika chumbani hawana madhara, lakini wageni hao hao wakimzunguka mwelezaji mbele ya zidaka, wanne katika kila mita ya mraba, wameweka karibu kilo 300 katikati ya boriti, mahali penye udhaifu kuliko pote. Kwa hiyo maelezo marefu yatolewe kiwandani, kwenye sakafu iliyolala juu ya ardhi, na orofani watu wapande kwa makundi madogo. Makabati mazito yakae kando ya kuta, si katikati. Maktaba au ghala la nyaraka lisipelekwe juu kabisa. Mita moja tu ya rafu iliyojaa vitabu ina kilo 30 hadi 40.

Katika nyumba ya jirani iliyokuwa ikitengenezwa, fundi mmoja mzee alikuwa akikagua dari kwa nyundo ndogo na msumari mrefu. "Gonga, mwanangu, kisha usikilize," alisema. "Boriti nzima inalia, iliyoliwa inanyamaza." Kisha akachoma msumari pale boriti inapoingia ukutani, ukazama hadi kichwani bila kusukumwa kwa nguvu. Boriti huoza mahali pasipoonekana, katika sentimita 15 hadi 20 za mwisho zilizozama ndani ya ukuta. Hapo maji yanayovuja kutoka paani hukaa, na mchwa hufuata unyevu. Katikati ya boriti unaweza kukuta mti mgumu kabisa, na anayekagua kwa macho tu hudanganyika.

Matengenezo yake yana mpangilio wake. Kwanza nguzo za muda, na nguzo hizo zishuke orofa kwa orofa hadi ardhini. Ukiegemeza dari ya juu kwenye sakafu ya kati umehamisha tatizo tu. Kisha boriti zitolewe chache chache, moja baada ya moja au mbili mbili, ili sakafu isiachwe ikining'inia. Boriti mpya iwe imekauka, imebanduliwa gome na kupakwa dawa ya boraksi. Mwisho wake ukirudi ukutani usizibwe kwa saruji. Uachiwe nafasi ndogo ya hewa pembeni na ujazwe chokaa chini tu, mahali unapokalia. Nimeona kazi nyingi ambapo boriti mpya, ya gharama, imefungwa kwa saruji kama kizibo, na kabla ya muda mrefu imeoza kuliko ile ya zamani iliyotolewa.

Kutoka Mokowe basi lilipita Witu, Garsen na Malindi hadi Mombasa. Ni safari ya vumbi na joto, na hapakuwa na cha kutazama kwa habari hii.

Ngome ya Yesu ndiyo shule kubwa kuliko zote katika njia hii. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano, wakaichonga kwenye mwamba wa matumbawe wenyewe na kuendeleza kuta juu yake. Baada ya kuzingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698 ikabadili mikono mara nyingi, ikawa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. James Kirkman ndiye aliyeongoza uchimbuaji na matengenezo hayo, kwa msaada wa fedha wa Taasisi ya Calouste Gulbenkian. Mwaka 2011 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukisimama upande wa bahari unaona kinachofanywa na chumvi. Upepo huleta matone madogo ya maji ya bahari, jiwe la matumbawe huyanywa kwa vile limejaa vitundu, kisha jua hukausha uso wake. Maji yanaondoka, chumvi inabaki ndani na kuwa fuwele, na fuwele zikikua zinasukuma jiwe kutoka ndani. Pitisha kidole juu ya jiwe kama hilo na chembe zake hudondoka kama unga. Hiyo si dalili ya uzee wa jiwe. Ni kazi ya chumvi iliyonaswa, na tunaizidisha wenyewe tunapopiga lipu ya saruji juu yake.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo hili, maana ndilo linaloharibu majengo ya pwani kuliko vita na mizinga. Ukuta wa mawe na chokaa huwa na unyevu siku zote, na huutoa kupitia lipu yake laini. Lipu ya chokaa ikichakaa, imekufa badala ya jiwe, na hupigwa nyingine. Lipu ya saruji haipitishi mvuke ipasavyo. Unyevu hupanda nyuma yake hadi juu ya vichwa vya watu, chumvi hujikusanya kwenye mpaka wa saruji na jiwe, na siku lipu inapobanduka huondoka na sentimita mbili au tatu za uso wa jiwe la kale. Anayetazama kwa nje huona ukuta mgumu, uliopakwa rangi vizuri, mpaka asubuhi hiyo.

Kuiondoa ni kazi ya tindo na nyundo ya mkono. Mashine ya kubomolea hutikisa mawe madogo ya ndani na kuacha mashimo yasiyoonekana. Anza juu ushuke, eneo la mita moja ya mraba kwa wakati mmoja, ukigonga kutafuta palipokwisha kuachana. Ukishamaliza, usikimbilie kupiga lipu mpya. Ukuta wa sentimita 60 hukauka polepole sana. Makadirio ya mafundi ni sentimita mbili na nusu kwa mwezi, na wenye fedha za mradi hawapendi kuyasikia. Chumvi iliyobaki hutolewa kwa rojo la karatasi safi na maji yasiyo na chumvi, unene wa sentimita mbili, linabandikwa, linaachwa likauke likiivuta chumvi, linabanduliwa na kutupwa mbali. Hurudiwa mpaka kipimo cha chumvi kwenye rojo kisishuke tena.

Ndipo chokaa. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji, ikae shimoni chini ya maji miezi 3 au zaidi, maana chembe ambazo hazijazimika zitafumuka baadaye ndani ya lipu na kuitoboa. Changanya kipimo 1 cha chokaa rojo kwa vipimo 3 vya mchanga wenye chembe kubwa na ndogo. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi, au uletwe wa mtoni. Lowesha ukuta tangu jana yake. Tabaka la kwanza liwe milimita 12 hivi, la pili 8, la mwisho 2 au 3, kila moja likisubiri wiki moja au zaidi. Funika kwa magunia mabichi. Chokaa hugandishwa na hewa taratibu, kiasi cha milimita moja kwa mwezi, na ikikaushwa haraka na jua hugeuka vumbi. Ufa mwembamba ukitokea siku ya pili, mwiko wa mbao na maji kidogo unatosha kuufunga. Ukiachwa wiki, hauna dawa.

Ndani ya ngome hiyo vipo vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mbele yake 1697 na kuchimbuliwa kati ya 1977 na 1980. Vitu vya baharini vina ugonjwa ule ule wa ukuta. Chuma kilichotoka majini kikiwekwa kabatini kabla chumvi haijatolewa, hupasuka chenyewe. Lazima kilowe kwenye maji yanayobadilishwa kwa muda mrefu.

Kutoka Mombasa nilivuka mpaka Lungalunga na Horohoro, nikapita Tanga hadi Dar es Salaam, kisha boti hadi Unguja. Mji Mkongwe umekuwa kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, na hapo jengo lililonivuta kuliko yote ni Beit al-Ajaib. Sultani Barghash alilijenga 1883. Kuta zake ni za mawe, sakafu zake zimechanganya zege na mihimili ya chuma, na baraza zake zimebebwa na nguzo za chuma cha kusubu. Lilikuwa makumbusho ya historia na utamaduni. Sehemu yake ilianguka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 upande mkubwa uliporomoka wakati matengenezo yakiendelea, watu wawili wakafariki.

Jengo la namna hii halitengenezwi kama nyumba ya Lamu. Chuma kikipata kutu hujaa mara kadhaa ya ukubwa wake wa awali, kikapasua zege na jiwe lililokizunguka, na ufa huo ukaingiza maji zaidi. Kabla ya fundi yeyote kugusa ukuta, nyufa zipewe tarehe na zipimwe: kipande cha kioo kinabandikwa kwa plasta kuvuka ufa, kikivunjika unajua jengo bado linatembea. Timazi iteremshwe kwenye kila pembe. Mizigo iegemezwe kwanza, na jukwaa la kazi lisiegemee ukuta unaotiliwa shaka. Ukianza na lipu au rangi kabla ya hayo, umewaweka watu chini ya kitu usichokijua.

Hatua chache kutoka bandarini ipo Zahanati ya Ithnaasheri, iliyoanzishwa na Tharia Topan 1887 na kukamilika 1894. Shirika la Aga Khan la Utamaduni liliitengeneza miaka ya 1990. Roshani zake za mbao zilizonakshiwa zinaonyesha kanuni ninayoipenda kuliko zote: kipande kilichooza kikatwe peke yake na kuungwa na kipya cha mti wa aina ile ile, ukitazama kwa karibu uone kiungo. Mkataba wa Venice wa 1964, kuhusu utunzaji wa majengo ya kale, unataka hivyo, kipya kioane na cha kale lakini kisijifanye cha kale. Nyaya za umeme nazo zipite juu ya ukuta ndani ya mabomba membamba, na skrubu ziingie kwenye viungo vya chokaa. Kuchimba mfereji katika lipu iliyonakshiwa ili kuficha waya ni hasara isiyorudishwa.

Kuhusu vitu vyenyewe, kanga na karatasi zisipate mwanga unaozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), mbao zilizopakwa rangi luksi 200. Vyungu na vyuma havidhuriki na mwanga. Unyevu wa hewa ukivuka asilimia 65 ukungu huanza. Wengi hukimbilia kiyoyozi, wakakiwasha mchana na kukizima usiku, na ukuta baridi ukakutana na hewa ya pwani ukatoka jasho. Heri kabati lililofungwa vizuri lenye punje za silika za kunyonya unyevu, zinazobadilishwa, na madirisha ya juu yaachwe kama wajenzi walivyoyaweka.

Kazi ya kila mwaka ianze kabla ya masika. Mwezi wa pili mtu apande paani asafishe mifereji, atoe miche ya mimea iliyoota kwenye nyufa na mizizi yake, amwage ndoo ya maji kwenye kila bomba na ashuke kuona yanatokea wapi. Yasimwagike chini ya msingi, bali angalau mita moja mbali nao. Shimo la chokaa lijazwe wakati huo huo. Masika yakiisha mwezi wa tano chokaa itakuwa imekaa vya kutosha, madoa mapya kwenye kuta yatakuwa yameonyesha mahali panapovuja, na miezi ya kusi yenye jua la upole ndiyo ya kupigia lipu.