Megahezi 7 zilizoninyima usingizi

Nilikuwa napima tofauti ya masafa (frikwensi) ya mwanga unaofyonzwa na isotopu mbili za kalisiamu, yaani atomi zake za uzito tofauti, 40 na 44, kwa leza ya nanomita 393 iliyolazwa sambamba na mwale wa ayoni (atomi zenye chaji). Jibu linalojulikana ni takriban megahezi 850. Mimi nilipata 843. Kila mara.

Wiki nzima nikaisingizia leza, maskini. Kumbe kosa lilikuwa kwenye volti. Ayoni zetu huongezwa kasi kwa volti 30,000, na hapo, kwa athari ya Doppler (masafa ya mwanga hubadilika kwa kitu kinachokwenda), kila volti moja huhamisha kilele cha kalisiamu 40, yaani masafa inapofyonza mwanga zaidi, kwa megahezi 16 hivi. Cha 44 huhama kwa 15 na kitu. Kwa kuwa havihami sawa, kosa la volti 10 tu linatosha kuzaa zile 7.

Badala ya kubishana na mita ya volti, nikapima mara mbili: leza ikifuata mwale, kisha ikiukabili. Ukizidisha masafa hayo mawili unapata mraba wa masafa ya ayoni iliyotulia. Kasi inajifuta yenyewe. Tofauti ikatua kwenye 850.

Kigawanyio cha volti, kifaa kinachopunguza volti kubwa ili ipimike, kilipokaguliwa baadaye, kilikuwa kinasoma volti 9 pungufu.