Tumemaliza mkopo wa nyumba kabla mtoto hajaingia Gredi 10

Barua ya benki imetoka, balansi sufuri, na nimekuwa nikiahirisha kuandika hii manake kila nikikaa mtu ananiita, mara tokeni za stima zimeisha mara huyu mdogo haoni juzuu yake ya madrasa. Leo wamelala mapema. Wacha niandike kabla sijasahau, kwa sababu watu wananiuliza mmewezaje kama vile tulirithi mahali, na babangu Mungu amrehemu aliacha baiskeli moja na madeni ya dukani.

Mkopo tulichukua 2017. Milioni 4.5 za Kenya, miaka 15, nyumba ya vyumba vitatu huku Kiembeni, Mombasa. Wakati ule ile sheria ya 2016 ya kudhibiti riba ilikuwa bado iko, benki haikuruhusiwa kuzidisha asilimia 4 juu ya kiwango cha riba cha Benki Kuu, na kiwango chenyewe kilikuwa 10, kwa hivyo tukaandikiwa 14. Malipo ya mwezi karibu 60,000. Mimi niko ofisi ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, mume wangu Baba Nuru yuko hoteli huku Shanzu, tukiunganisha mishahara tulikuwa tunaweza, lakini kwa kubana.

Mamangu hakuupenda huu mkopo tangu siku ya kwanza. Riba ni riba, alisema mara moja tu, na hakurudia, lakini mwanamke wa Lamu akinyamaza ujue ndo amesema. Tuliangalia na benki za kiislamu, ile ya kununua kwa ubia alafu unaimiliki kidogo kidogo, ila pesa ya kuanzia waliyotaka hatukuwa nayo na kodi tuliyokuwa tukilipa Tudor ilikuwa inapanda kila mwaka. Ningerudishwa 2017 na mfuko ule ule ningetia sahihi tena. Lakini lile neno la mama lilikaa kichwani, sitadanganya, na limesukuma hii safari kuliko hesabu yoyote.

Sasa hesabu. Stetimenti ya kwanza ilipokuja nilidhani wamekosea. Tumelipa 59,900 na kitu, 52,500 imeenda kwa riba, deni lenyewe limepungua 7,400 hivi. Nikampigia kijana wa mikopo akanielezea kwa upole kabisa, mama, riba inahesabiwa kwa deni lililobaki, mwanzo deni ni kubwa basi riba inakula karibu yote, mambo yanageuka miaka ya mwisho. Nikajumlisha miaka yote 15 nikapata karibu milioni 10.8. Kwa mkopo wa 4.5. Nikamwonyesha Baba Nuru, akaangalia ile karatasi, akaikunja, akatoka kwenda kunywa kahawa na hakurudi mpaka baada ya isha.

Ila hiyo hesabu ina upande wake wa pili na huu ndo watu hawaambiwi. Kama riba inakatwa kwa deni lililobaki, basi kila shilingi unayotoa nje ya ratiba mwanzoni inakatia riba ya miaka yote iliyobaki. Nikajaribu kwenye simu, riba ikibaki 14 na tukiongeza 15,000 kila mwezi, miaka 15 inakuwa chini ya miaka 9, na riba yote inapungua karibu milioni 3. Nikarudia nikidhani nimebonyeza vibaya. Elfu kumi na tano! Ni karo ya shule ya kawaida, ni shopingi ya mwezi, si pesa ya mtu tajiri, lakini pia kwetu haikuwa pesa iliyokuwa imekaa tu ikingoja kazi.

Zilitoka wapi? Nyingine ni biashara ya jikoni. Mwezi wa Ramadhani nakaanga sambusa na katlesi za oda, miezi mingine mahamri ya ofisini na pilau za wikendi, na hiyo pesa haikuingia nyumbani kabisa, ilikuwa inatoka M-Pesa inaenda benki. Nyingine tulizikata kwetu wenyewe. Gari hatukununua, mpaka leo ni matatu na tuktuk. Nguo za Idi pea moja badala ya mbili. Maji nayo yana mambo yake huku, ya bomba yanakuja yanavyotaka, ya kisima ni ya chumvi, ya kunywa tunanunua mitungi, nikajifunza kuosha vyombo kwa maji mtu wa Nairobi hawezi kuamini.

Lakini nyingi, nasema ukweli, zilitoka kwa watu tuliowaambia hapana. Hii sehemu haiandikwi kwenye zile makala za jinsi ya kulipa mkopo haraka. Ukiwa na nyumba yako Mombasa familia inaona umefika, na kila wiki kuna kikundi kipya cha WhatsApp, harusi, matanga, bili ya hospitali, mtu anaenda Saudia kufanya kazi anataka nauli ya kwenda Nairobi kwa mambo ya pasipoti. Tukaketi tukaweka kiasi cha michango kwa mwezi, dawa za presha za mama mkwe zikawa nje ya hicho kiasi hazigusiki, na hicho kiasi kikiisha kimeisha. Shemeji yangu mdogo alitaka tumsaidie kununua bodaboda. Tukasema hatuna, na yeye anajua mishahara yetu, na alijua tunalipa benki zaidi ya inavyodai, manake kuna mtu alimwambia. Hakutia mguu hapa karibu miaka miwili. Sasa anakuja, tunacheka, lakini si kama zamani. Ukiniuliza kama milioni 3 za riba zinalipia hilo sina jibu, na Baba Nuru sijawahi kumuuliza.

Na wala haikwenda moja kwa moja. Kwanza kulikuwa na mambo ya mizigo kulazimishwa kupanda SGR, ile reli mpya, kontena zikawa zinaenda kutolewa Nairobi, hapa mjini makampuni ya kliaringi yakafunga moja baada ya jingine, yetu ikapunguza watu, mimi nikabaki kwa mshahara uliokatwa. Kabla hatujapumua ikaja korona. Machi 2020 hoteli ya kina Baba Nuru ikafunga, akarudi nyumbani likizo bila malipo. Benki zilikuwa zimeruhusiwa kuwapa watu nafuu, nasi tukaomba tukasimamishiwa malipo kwa muda, lakini jamani mtu asidhani ni msaada wa bure, riba ilikuwa inaendelea kuhesabiwa na kurundikwa juu. Miezi ile, 15,000 za ziada zilikuwa ndoto, sambusa ndo zilitulisha.

Tuliporudi kwa miguu yetu nikagundua jambo jingine. Pesa zetu za ziada benki ilikuwa haizipeleki kupunguza deni. Zilikuwa zimekaa kwenye akaunti zikihesabiwa kama malipo ya miezi ya mbele, kwa hivyo riba ilikuwa inaendelea vile vile kama hatujatoa kitu. Nilienda pale nimejipanga kugombana. Nikaambiwa lazima uandike barua, useme hii pesa ipunguze deni lenyewe, na useme malipo ya mwezi yabaki pale pale muda ndo upungue, la sivyo mfumo unafanya unavyojua. Basi tangu siku hiyo kila kitita kilikwenda na barua, nakala yangu ikapigwa muhuri, na stetimenti ikija nasoma mstari kwa mstari. Na wewe mwenye mkopo soma mkataba uone kama kuna faini ya kulipa mapema, wengine wanaweka.

Sheria ya riba iliondolewa Novemba 2019, na kwa muda hatukuona tofauti kubwa kwa vile Benki Kuu ilikuwa imeshusha kiwango chake hadi 7 wakati wa korona. Alafu 2022 ikaanza kupanda, 2023 ikafika 9.5, 10.5, Disemba ikaruka hadi 12.5, Februari 2024 ikafika 13, na kila ikipanda barua ya benki iko mlangoni. Hiyo 2023 ndo na slipu ya mshahara ilianza kukatwa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu za serikali, yaani mimi nalipa nyumba yangu na ya mtu nisiyemjua, alafu 2024 mwishoni SHIF, ile bima mpya ya afya, asilimia 2.75. Kama deni letu lingekuwa bado lile la mwanzo hapo tungeanguka. Kwa sababu lilikuwa limeshapungua zaidi ya nusu, riba ilipanda lakini ilipanda juu ya kitu kidogo.

Kuna mwenzangu ofisini, mtu wa hesabu sana, aliniambia wazi nafanya ujinga. Februari 2024 serikali ilitoa bondi ya miundombinu, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, ya asilimia 18 na ushee na haikatwi kodi, akanunua, akaniambia badala ya kulipa benki ningeweka huko nikala tofauti. Kwa hesabu tupu alikuwa sawa na nilimwambia hivyo. Lakini yeye hana mume wa hoteli. Hoteli za huku msimu ukiwa mbaya watu wanaambiwa wapumzike nyumbani, na benki haitakuuliza bondi yako inaendeleaje, itauliza malipo ya miezi mitatu yako wapi. Tulichofanya ni kuweka pesa ya miezi mitatu pembeni kwenye mfuko wa akiba wa kutoa wakati wowote, zilizobaki zote zikaenda kwa deni.

Na tulikuwa na siku ya mwisho, hiyo ndo ilitusukuma kukimbia. Nuru ni wale watoto wa kwanza wa CBC, ule mtaala mpya, Gredi 7 aliingia Januari 2023 na Gredi 10 ni Januari 2026. Sekondari ya juu, bweni, godoro, sanduku, yunifomu, karo. Nilimwambia babake mapema kabisa, hivi vitu viwili havikai pamoja kwa mwezi mmoja, kimoja lazima kiondoke. Bonasi ya Disemba na pesa yangu ya chama cha kuchangiana zikamalizia.

Sasa kumaliza deni si kumaliza mambo. Kuna hati ya kuondoa dhamana inatayarishwa na wakili wa benki, na tunaogharamia ni sisi, alafu isajiliwe ofisi ya ardhi ndo jina la benki litoke kwa taitoli, ile hati ya umiliki. Bado tunangoja. Na ile nafuu ya kodi kwa riba ya mkopo wa nyumba nayo imekwisha kwangu. Walikuwa wanaruhusu riba hadi 25,000 kwa mwezi isihesabiwe kwa kodi, mwisho wa 2024 wakapandisha hadi 30,000, na sisi wakati huo riba yetu ilikuwa imeshashuka chini ya hapo, basi hiyo nyongeza hatukuionja.

Mama nilimpigia jioni ile ile. Akasema alhamdulillahi, akauliza kama Nuru amepata sanduku, akaniambia lake la zamani lipo ila kufuli limeharibika.

Ile 60,000 tayari imegawanywa kwa karatasi, nusu yake ni shule, kuna tangi la maji la kuweka juu, kuna meno ya mama mkwe. Baba Nuru ameanza kutaja ploti Mavueni, ati kuna mtu anauza kwa awamu. Nimemwambia tutaongea baada ya Ramadhani.